Nyumba ya Turubai Kwenye Kona ya Uwanja

Kuna watu wa mtaa wetu wa Murara ambao hadi leo wakinikuta sokoni wanageuza uso, na chanzo ni neno moja nililolipaza nikiwa nimeketi ndani ya nyumba ya turubai kule Mugunga. Neno lenyewe si tusi. Kila mtoto hufundishwa neno hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Lakini wanasema liliua timu yetu, na mimi nimechoka kujitetea nikiwa nimesimama barabarani na mzigo kichwani. Nitaeleza hapa, nikiwa nimekaa.

Timu yetu ilikuwa timu ndogo ya mtaa, yenye jezi za njano. Iliundwa wakati wa vita, shule zilipofungwa na wazazi wakataka vijana wawe mahali wanapoonekana. Mimi nilikuwa muuza vitenge, na kila Jumapili baada ya misa nilifunga kibanda nikaifuata timu popote ilipokwenda. Wanawake tulikuwa wachache, na mwenye sauti nilikuwa mimi. Mwaka ule tulikuwa karibu na mkia. Mechi ya mwisho ilikuwa ugenini Mugunga, nje ya mji, penye kambi ya waliokimbia vita, na hesabu yake ilikuwa rahisi: tukishinda tunabaki, tusiposhinda tunashuka daraja. Mfadhili wetu, mfanyabiashara wa saruji, alikuwa ametutangazia mbele ya wote, "Miye sivalishe timu ya division ya pili." Jezi zilikuwa zake, mpira ulikuwa wake, hata filimbi ya mazoezi ilikuwa yake. Kushuka kulikuwa kufa.

Sasa niwaeleze hao wa Mugunga, maana hakuna timu niliyoichukia kama ile, na hakuna niliyoisoma kwa makini kama ile. Timu nyingine zilisajili wachezaji kabla ya msimu. Mugunga walisajiliwa na vita. Kukilia risasi upande wa Masisi, barabara ya Sake inajaa watu wenye magodoro na mbuzi, na wiki ya pili Mugunga wana beki mpya. Rutshuru ikivurugika, wanapata winga. Mwaka mmoja vita vilikuwa pande zote, wakawa mabingwa, na kocha wao akasifiwa redioni kwa mbinu zake. Kukitulia, wachezaji wazuri wanarudi mashambani kwao na timu inapwaya. Sisi wa Murara tulikuwa watu pekee mjini tulioombea amani ya Masisi kwa ajili ya mpira. Kabla ya mechi ile tuliomba misa. Padri alitupongeza kwa moyo wetu wa huruma, na sisi tukaitika amina bila kucheka.

Haikusaidia. Wiki ile ile kulikuwa na mapigano, na wakapata kipa mrefu.

Tulifika na lori mchana. Uwanja wao ulizungukwa na ukuta wa mawe ya volkano yaliyopangwa bila udongo, yale mawe meusi yanayochana kiatu. Mlango ulikuwa mmoja, nguzo mbili za mikaratusi, na mashabiki wao walikuwa wamekaa pembeni yake wakipiga madumu. Ilikuwa wazi kwamba hatutapita pale. Kwetu timu ngeni haiingii uwanjani kwa mlango wa wenyeji. Wenyeji wamefukia kitu pale, yai au kichwa cha kuku, na atakayekanyaga miguu yake itakuwa mizito hadi jioni. Timu nyingine ziliruka ukuta, nyingine zilitoboa uzio. Kila timu ilikuwa na mzee wake anayeitwa mshauri, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchagua pa kuingilia. Wa kwetu alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la suti, kofia na raba, asiyejua offside ni nini hadi kifo chake.

Mshauri alizunguka uwanja mzima akinusa. Ukuta aliukataa: mwaka uliopita timu fulani iliuruka na kipa wao akavunjika kifundo. Lakini kwenye kona ya mbali mawe yalikuwa yameporomoka, na penye pengo palikuwa na kijumba cha turubai, kama vile vya kambini, mgongo wake nje na mlango wake ndani ya uwanja kabisa. Nyuma turubai lilikuwa limefunguka kidogo. Mshauri akatabasamu.

"Hapa njo tunapita," akasema. "Hapa habawezi kuwaza."

Tukapita. Timu nzima, wachezaji wa akiba, mbeba maji, mimi na kikapu changu, na mashabiki wote wa lori lile. Tuliinua turubai tukajipenyeza mmoja mmoja, tukaruka mafiga, tukatokea mbele kwenye bendera ya kona. Ndani kulikuwa na mama mtu mzima ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Hatukumwambia kitu. Tulikuwa na haraka, na tulikuwa tunakwepa uchawi, na katika hali hiyo mtu husahau kwamba nyumba ina mwenyewe.

Mechi ikaanza, na hapo ndipo tulipojua kwamba kijumba kile kilikuwa sehemu ya mchezo. Kilikuwa kimekalia karibu kona yote, hatua chache tu kutoka kwenye boksi. Mwamuzi, aliyetoka mjini na kutaka kurudi mjini akiwa mzima, alitangaza kwamba nyumba ihesabiwe kama mti. Mpira wa kona upande ule ulipigiwa kizingitini. Na mpira ukiingia ndani, timu itakayoupata kwa mama ndiyo itakayoanza nao kutoka hapo kizingitini.

Ukaingia mapema. Winga wao alikimbia hadi mlangoni, akasimama ghafla, akapangusa kipaji, akasema, "Hodi, mama."

"Karibu, mutoto yangu."

"Mupira."

Akapewa. Mara ya pili beki wetu alikuwa karibu zaidi. Aliingia kama ng'ombe, akatoka mikono mitupu, uso umemshuka.

"Ameukalia," akasema.

Kweli alikuwa ameukalia. Mama yule aliusogeza mpira chini yake penye kigoda, akatandaza kitenge juu ya magoti, akaendelea na maharagwe. Mwamuzi mwenyewe alienda, akapiga hodi, akakaribishwa, akaulizwa habari za nyumbani, akarudishiwa mpira. Akawapa Mugunga. Mpira wa akiba ulikuwa umeshatobolewa na jiwe wakati wa kupasha misuli, kwa hiyo tulikuwa na mmoja tu, na mpira ule ulipenda kijumba kile kuliko goli. Kila ulipoingia, wao walipiga hodi, sisi tulipiga kelele. Wakatufunga kwa kona ya namna hiyo. Kabla ya mapumziko tukasawazisha kwa kichwa, upande wa pili wa uwanja, mbali na mama.

Wakati wa mapumziko mshauri alisema mama yule ndiye dawa yao, kwamba hawakufukia yai bali wamepanda mchawi mzima. Wachezaji wakaniangalia.

"Mama, weye uende," nahodha akaniambia. "Banamuke kwa banamuke mutasikilizana."

Nilikwenda nimekasirika. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani kuhusu mpira na haki. Nikainama, nikaingia, nikafungua mdomo.

"Unatoka wapi?" mama akaniuliza bila kuinua macho.

"Inje."

"Rudia inje."

Sijui kwa nini nilitii. Nilirudi nje, mbele ya mashabiki wote wa Mugunga waliokuwa wakinicheka, nikasimama mbele ya turubai lililochanika na kusema hodi.

"Ni nani?"

"Ni miye. Mama wa ku Murara."

"Karibu, mama. Ikala."

Akanipa kigoda, yeye akakaa juu ya gunia, akanisogezea ungo wa maharagwe ili mikono yangu isikae bure. Kipindi cha pili kikaanza na mimi nikakitazama kupitia tundu la turubai. Nilimwambia kwamba sisi tunashuka daraja asipotusaidia. Akauliza daraja ni nini. Nikamweleza. Akafikiri kidogo.

"Miye nimeshuka ya mingi," akasema.

Akanieleza kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Kwao Masisi watu wenye bunduki waliingia nyumbani bila hodi. Akahamia Sake, wengine wakaingia, wa jeshi lingine, nao bila hodi. Akaja kambini. Kambini aliingia kijana mwenye fulana ya shirika la misaada, bila hodi, akamuuliza, "Muko batu ngapi mu nyumba?" Mama akajibu, "Na weye, tuko babili." Kijana akaandika, na kwa muda mrefu mama akapokea unga wa watu wawili. Kisha serikali ikaamua kwamba amani imerudi na kambi ifungwe. Wakaja kung'oa maturubai.

"Ilikuwa niko nakula. Batoa bashi ya nyumba juu ya kichwa, babeba. Njo namaliza kula na jua."

Nilicheka. Naye alicheka, kisha akaendelea. Alirudi Masisi akakuta watu wengine kwenye shamba lake, akarudi tena Mugunga, akakuta pale palipokuwa kijumba chake wamechonga uwanja wa mpira. Akakijenga palepale. Viongozi wa timu walikuja kumfukuza. Walikuja kwa adabu, wakasimama nje, wakapiga hodi.

"Miaka yote ile, bo njo ba kwanza kupiga hodi," akasema. "Nikaambia, karibuni, muchezeke."

Dakika zilikuwa zinayoyoma. Bado ilikuwa bao moja kwa moja. Nje mashabiki wetu walikuwa wamepoteza sauti. Mshambuliaji wetu, kijana mwenye asili ya Butembo na lafudhi ya huko, mwenye miguu mirefu na adabu za nyumbani, alipata mpira katikati, akampita mmoja, akampita mwingine, akaelekea upande wa kijumba. Kipa wao mrefu alitoka golini kumfuata hadi mbali, akateleza kwenye changarawe, akaanguka chali. Goli likabaki wazi. Mpira ukagonga jiwe, ukabadili njia, ukapita chini ya turubai, ukasimama kati ya miguu yangu.

Nataka mwelewe jinsi ulivyokuwa karibu. Ungo ulikuwa mapajani, mpira ulikuwa unagusa kandambili zangu. Kuupiga teke tu utoke mlangoni, kijana aupige kona kutoka kizingitini, wenzake watatu walikuwa boksi bila kipa. Timu ingebaki. Mama aliniangalia. Hakunyoosha mkono, lakini mikono yake ilikuwa imeacha maharagwe.

Kijana alikuwa anakuja mbio, kichwa chini, kama walivyoingia wote.

Nikapaza sauti, "Piga hodi!"

Alisimama mguu mmoja ukiwa tayari ndani. Aliuangalia ule mguu. Akaurudisha.

"Hodi," akasema, huku anahema.

Mama aliinuka. Alikunja kitenge chake vizuri kiunoni, akajipangusa mikono, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumharakisha.

"Ni nani?"

"Ni mutoto wa ku Murara, mama."

"Karibu, mutoto. Bazazi yako beko bazima?"

"Beko, mama."

"Na ku Butembo kwenu, beko muzuri?"

"Beko muzuri. Na siye tuko."

"Kunywa kwanza mayi."

Nilikuwa nampa mpira huku mama anampa kikombe, na kijana wa watu, aliyelelewa vizuri mno kwa soka, alipokea kikombe kwanza. Alikunywa. Alisema asante. Alipoinama kuchukua mpira, filimbi ikalia, ndefu, ile ya mwisho.

Siwezi kueleza kelele za nje. Nilisikia jina langu likiunganishwa na wanyama kadhaa. Mfadhili alikuwa tayari anakusanya jezi, akizivua migongoni mwa wengine kabla hawajakauka jasho. Mimi nililia, nasema wazi, nililia kwa ajili ya timu ile, nikiwa na ungo wa mama yule mapajani. Naye alininyang'anya ungo ili machozi yasiingie kwenye maharagwe.

Lori lilikuwa nje ya kona ileile. Wenyeji walikuwa wanacheza ngoma mlangoni, na mshauri akasema tena kwa sauti ya kazi kwamba timu lazima itokee ilipoingilia, vinginevyo balaa litabaki mwilini. Sijui alifikiri tumebakiwa na balaa gani zaidi. Lakini walimfuata, wachezaji vifua wazi, mbeba maji, mashabiki wote wa lori, wakaja hadi mlango wa turubai. Hapo wakasita.

Wa kwanza alikuwa yule beki aliyeingia kama ng'ombe. Akasema hodi. Mama akamjibu karibu, akamuuliza habari, akampisha njia kuelekea nyuma. Akaja wa pili, hodi, karibu. Foleni ikafika hadi katikati ya uwanja. Hakumruka hata mmoja, hakuchoka, na sauti yake ilizidi kunyooka jinsi watu walivyozidi kupita. Watu wa Mugunga waliacha ngoma wakaja kutazama.

Wa mwisho alikuwa mshauri. Alisimama nje akipangusa koti lake la suti lililojaa vumbi.

"Hodi," akasema hatimaye.

"Ni nani?"

"Ni muzee wa ku Murara."

"Sikujue."

Lori lilikuwa limeshawasha injini. Mzee akavua kofia, ingawa ndani hakuna aliyekuwa anamwona isipokuwa mimi, kupitia tundu.

"Ni mugeni tu, mama," akasema.

"Eh, mugeni," mama akajibu, akasogeza mafiga kando ili apate pa kukanyaga. "Karibu."