Niliwapandisha Wazazi Wangu Melini Nikijua Watashushwa

Kosa ni langu. Naanza hapo ili asije mtu kunitafutia utetezi kwenye maoni. Si la mume wangu, si la walinzi wa meli, wala si la pombe, maana sikuwa nimeonja hata tone. Mimi ndiye niliyempofua kaka yangu jicho siku ya harusi yangu, kwa mkono huu huu unaoandika.

Nafanya kazi ofisi ya utalii hapa Arusha mjini, ila nyumbani ni Oldonyo Sambu. Miaka yote nawapangia Wazungu safari zao, nawaona wanavyofurahi, nikajiapiza kwamba harusi yangu haitakuwa ya ukumbini na MC anayepiga makelele. Nikapata meli ya kitalii, zile kubwa kama ghorofa, inayotia nanga Dar es Salaam kisha inaendelea visiwani. Unafunga ndoa juu ya meli ikiwa bado bandarini, halafu mnaondoka nayo. Jamani, nilijiona nimeshafika!

Kulikuwa na sharti. Wanaosafiri ni maharusi na watu wachache tu. Wageni wengine wanapanda, wanashuhudia ndoa, wanakunywa soda, wanapiga picha, kisha wanashuka kabla ngazi haijaondolewa. Wazazi wangu na kaka yangu nikawaweka kundi la kushuka. Nafasi za kusafiri niliwapa marafiki zangu, kwa sababu wangependeza kwenye picha. Ndiyo, nimesema. Nitukaneni.

Nilijaribu kumwambia Baba ukweli kwa kuzungukazunguka. Nilimkuta anakaza miti ya zizi, nikamuuliza, "Baba, na kama mngekuja melini kutuaga tu, halafu mkarudi?"

Hakugeuka hata kunitazama. "Mimi si gunia, binti yangu, la kupandishwa na kushushwa. Kama tunakwenda, tunakwenda wote. Kama hatuendi, olewa hapa kanisani, nikubariki, ndipo uende na hiyo meli yako."

Kwetu Waarusha, binti akitoka bila baba yake kumbariki, watu wanasema hakuolewa, katoroka. Niliitaka ile baraka. Na meli niliitaka! Nikajibu, "Nilikuwa nauliza tu, Baba. Mnakwenda wote." Mchumba wangu nikamwambia nimeongea na wazee, wameelewa watashuka.

Jumapili iliyotangulia safari, mchungaji aliwaita wazazi wangu na kaka yangu mbele ya kanisa, akawaombea wasafiri wa baharini. Usharika mzima ukaimba. Akina mama wakamletea Yeyo, mama yangu, mablanketi, wakisema huko baharini kuna baridi usiombe. Mimi nimekaa zangu nyuma, napiga makofi! Nilikuwa na roho gani mimi?

Bandarini, walinzi wa getini walizuia fimbo za wazee. Wakazuia loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa ya mgando, ambayo Yeyo alipika ya kula njiani. Wakazuia na kibuyu cha maziwa ya kunibariki. Nikawadanganya tena kwamba vitu vyote vitaletwa vyumbani.

Kaka yangu akaanza kuvimba mashavu. Huyu ndiye mkubwa wetu, fundi wa kuchomelea mageti pale Ngarenaro, na chuo nimesomeshwa na hayo mageti. Ana hasira za karibu, na mimi ni hivyo hivyo. Baba akamshika bega. "Acha. Mate yangu hawajayazuia."

Ndoa ikafungwa vizuri. Baba akaniwekea mikono, akanitemea mate ya baraka kwenye paji la uso, Wazungu wanashangaa. Nililia kwa kwikwi, nikamkumbatia. Kumbe nilikuwa namkumbatia mtu niliyemfanya mjinga mchana kweupe.

Haukupita muda, kipaza sauti kikatangaza kwa Kiingereza kwamba wageni wasiosafiri washuke.

"Anasema nini huyo?" Baba akauliza.

"Anasema chakula kinakuja."

Niueni! Hata pale nilikuwa bado na nafasi.

Akaja mlinzi, kijana Mtanzania, mwenye adabu zake. "Shikamoo, mzee. Muda wa wageni umekwisha, naomba tushuke."

"Marahaba. Sisi ni wasafiri. Tuonyeshe tunapolala."

Mlinzi akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nadhani alifikiri mzee anamtania. "Mzee, wewe husafiri. Twende." Akamshika mkono. Baba akang'ang'ania kiti, mlinzi akavuta, kiti kikaanguka na Baba akaenda chini nacho, akapiga goti kwenye chuma.

"Mwachie baba yangu!"

Ngumi ya kaka yangu niliisikia kabla sijaiona. Pua ya yule kijana ilipasuka, damu ikaruka mpaka kwenye shela yangu. Wakaja walinzi wengine, wakamrukia. Mmoja akampiga kiwiko cha kisogo, mwingine akamkaba koo, binamu zangu nao wakaingia. Viti vinapaa! Yeyo anapiga mayowe akiwa amekumbatia yale mablanketi ya kanisani. Mtu wa upande wa mume wangu alivua mkanda akawa anachapa yeyote aliye mbele yake. Nilimwona shangazi yangu akimng'ata mlinzi mkono, hataki kuachia.

Na marafiki zangu, wale wa kupendeza kwenye picha, wote wameinua simu wanarekodi.

Kaka akajichomoa. Shati limechanika, mdomo unavuja damu, akanijia moja kwa moja. Hakuninyanyulia mkono. Nasema tena, hakuninyanyulia mkono! Aliniambia tu, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mdogo wangu, waambie ulituambia nini. Waambie! Tumeombewa kanisani sisi!"

Simu zote zikanigeukia. Mume wangu akanitazama. "Si uliniambia uliwaambia?"

Sikuona huruma, sikuona undugu. Niliona aibu yangu inarekodiwa. Nikanyakua chupa ya shampeni mezani, nikampiga nayo kaka yangu usoni kwa nguvu zangu zote. Akaangukia meza ya glasi. Nikaenda tena! Nilikuwa nimeinua mara ya pili, mume wangu akanidaka kiuno, huku napiga mateke na kutukana matusi ambayo sikujua kama nayajua.

Kaka alipoinuka, kipande cha glasi kilikuwa kimesimama ndani ya jicho lake la kushoto.

Baba akaja akichechemea. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Akachukua pembe ya shuka lake, akanifuta paji la uso pale aliponitemea mate. Akafuta taratibu, mpaka pakakauka. Kisha akamshika mwanawe, wakashuka ngazi.

Mimi nilishushwa na polisi, nikiwa na gauni lenye damu. Mume wangu akanifuata. Meli ikaondoka na marafiki zangu. Nilikuja kuona kwenye status zao wanavyokula keki yangu.

Jicho halikupona. Polisi walipomfuata kaka hospitalini kuandika maelezo, aliwaambia, "Niliteleza, nikaangukia glasi." Hakubadilisha maneno, hata walipomwonyesha video. Wakaniachia.

Mume wangu alirudi kwao mlimani, upande wa migomba, akasema anapumzika kidogo. Anapumzika mpaka leo. Baba nikimwamkia shikamoo, haitikii. Yeyo mablanketi aliyarudisha kanisani mwenyewe, akiwa peke yake, na sijui aliwaeleza nini wale akina mama.

Juzi nilichuma majani mabichi, nikayashika mkononi kama tunavyofanya kwetu tukiomba amani, nikaenda Ngarenaro. Kaka hachomelei tena. Ameinama anapima vyuma, mafundi wengine ndio wanachoma. Nikapiga magoti kwenye mavumbi ya chuma. "Kaka, nisamehe. Au nipige. Nipige mbele ya hawa wote!"

Alinitazama kwa jicho lake moja. Akayaona majani. Kisha akamgeukia fundi wake, akasema kwa upole, "Mpe mteja kiti."

Akarudi kupima vyuma vyake.

Wewe unayepanga harusi ya meli, ya mlimani, ya popote ambako watu wako hawatafika mpaka mwisho, waambie wakiwa bado nyumbani kwao. Watanuna, watakusema, pengine hawatakuja. Acha wasije! Usimpandishe mzazi wako mahali unapojua atashushwa, ukadhani utapata maneno ya kumwambia huko mbele. Mimi niliyakosa, nikashika chupa. Na kile kiti nilikikalia mpaka wakafunga karakana, na hakuna aliyekuja kuniuliza nataka kutengenezewa nini.