Tundu la Juu

Msiniangalie hivyo. Hata nyie mngenyamaza.

Fundi wetu wa kompyuta tulimwita Subira, kwa sababu ukimlalamikia chochote atakujibu, "Subira, mwanangu." Zamani alitengeneza taipureta. Taipureta zilipokufa akajifunza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, peke yake, kwa vitabu vya kuazima, na ofisi yetu nzima ya michoro ya majengo ikawa inaendeshwa kwa jasho lake. Mimi mwenyewe, yeye ndiye aliyenifundisha hata kushika kipanya.

Lakini wiki ile alikuwa amenidhalilisha. Alisema mbele ya wateja, "Huyu ana miaka sita hapa, kuzima mashine bado hajui!" Watu wakacheka. Nikalimeza neno lile, lakini halikushuka.

Jumatatu bosi akaleta kompyuta yenye kadi mpya ya picha. Bila draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, michoro ilikwamakwama kama mtu mwenye kwikwi. Bosi akamwambia Subira, "Saa sita ikifika mchoro wa nyumba ya mteja hauzunguki kwenye kioo cha kompyuta, funguo za chumba cha mashine mpe mpwa wangu. Wewe nenda kapumzike." Mpwa mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, anatafuna kucha.

Subira akaandika amri zake taratibu, kidole kimoja kimoja. Draiva ikaingia bila kosa hata moja. Kabla ya kuwasha upya akafanya kama desturi yake: akazima, akachomoa nyaya zote, akafuta vumbi, akazirudisha kwa kupapasa nyuma ya boksi. Waya wa kioo ulitakiwa uingie tundu la chini, la ile kadi mpya. Yeye akauchomeka kwenye la juu, la zamani, lisilounganishwa na kadi hiyo.

Niliuona. Nilikuwa nimeinama kuokota rula.

Akawasha. Maandishi yakapita, kisha giza. "Subira," akajiambia. Akaitoa draiva, akaiweka tena. Giza. Mara ya tatu shati lilikuwa limemganda mgongoni, na jamaa wa meza ya pili akasema, "Mzee, labda inataka wino wa taipureta!" Nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe. Nikajiambia, acha aonje kidogo, saa tano na nusu nitamwambia. Saa tano na nusu ikafika. Nikasema dakika kumi zaidi. Sitaficha, nilikuwa naona raha.

Bosi hakungoja hata saa sita. Aliingia na mpwa wake. Mpwa akainama nyuma ya boksi, akachomoa waya, akauchomeka chini. Nyumba ikatokea, ikazunguka laini kabisa, na paa lake na ngazi zake. Watu wakapiga makofi! Kazi yote ilikuwa ya Subira, lakini funguo zilimtoka palepale.

Alipokuwa anafunga begi nikamsogelea. Asante ya punda ni mateke, na punda nilikuwa mimi. Nilitaka kumwambia, wallahi nilitaka. Akanitangulia.

"Umeona, mwanangu? Kumbe waya tu! Na asubuhi nzima mmehangaika na mimi, hakuna aliyeuona." Akanishika bega. "Wewe hasa. Wengine walikuwa wanaingia na kutoka, wewe hukubanduka karibu yangu. Sitakusahau."

"Pole, baba," nikasema, nikambebea begi mpaka mlangoni.