Musalaba wa Shaba Niliouzeesha kwa Majivu

Siku ya ine, mwezi wa kumi. Mvua imenyesha toka asubui, mulima Nyiragongo hauonekani.

Mwanangu, juzi ulisema siku ya kupeleka mahari utaazima watu wa mutaa wa Himbi, wenye gari, wajifanye wajomba zako, maana sisi wa Kanyaruchinya tutakutia haya. Jibu langu ni hili. Mimi si mutu wa masomo mengi, acha niandike pole pole.

Na mimi nilikuwa kijana, kule Katanga, katika muji wa shaba ulio mupakani na Zambia. Baba alitoka kwetu Rutshuru kwenda kufanya kazi ya tanuru katika kiwanda cha wazungu. Lakini muji ule haukuanza na wazungu. Wenyeji waliyeyusha shaba zamani, kwa tanuru za udongo wa kichuguu, wakaimimina kuwa misalaba, na musalaba ndio ulikuwa mahari. Halafu mupaka ukapita katikati ya ukoo, kiwanda kikakaa juu ya tanuru zao.

Nilimupenda Josefina, binti wa hapo. Babu yake, aliyevuta mivukuto ya tanuru zile akiwa mutoto, ndiye wa kukubali posa. Nikaogopa kuonekana mugeni. Rafiki wa kiwandani akanimiminia musalaba, nikaufukia kwenye majivu uzeeke, nikaupeleka: "Muzee, huu ni wa babu yangu."

Akaupima mukononi, akacheka. "Kijana, babu yako alizaliwa jana? Kwenu Rutshuru munachimba shaba?"

"Hapana, muzee. Tunalima."

"Si ungeniletea jembe la mama yako! Ningelipokea. Sasa mutoto nimupe nani? Huyu aliyekuja simujui."

Sitamusingizia: hakunitukana, alinipa hata maji. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale mulangoni.

Josefina akanisindikiza mpaka barabarani. "Ungeleta jembe lile, ningeenda nawe," akasema. Aliolewa ngambo ya mupaka. Mama yako nilimupenda, asinione vibaya. Lakini mpaka leo, nikiona wanawake wanavuka mupaka wetu huu kwenda Gisenyi, natafuta mwendo wake, na najua ni bure.

Mwanangu, usiazime wajomba. Twende sisi, na viatu vyetu vya matope. Wakitukataa, watakuwa wametukataa sisi kweli, na kidonda hicho kinapona. Kile cha kukataliwa ukijifanya mutu mwingine, labda nakosea, lakini changu hakijapona. Mungu akufungulie mulango wa watu wale, na binti yao akupende kwa jina lako.

Jioni tumekula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Dada yako amekuwekea sambaza, samaki ndogo za ziwa, amezifunika.