Gari Lililonyweshwa Kombe

Miaka ile gesi ilipoanza kutajwa Palma, kila mtu alikuwa mjuzi. Wavuvi waliokuwa hawajui kuandika majina yao walikueleza kina cha visima vya baharini, na mafundi cherehani walikuwa na habari za siri kutoka Maputo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa nimesomea ualimu Nampula, nikarudi na Kireno cha kutosha kuwadharau watu wa kwetu, ila hakikutosha kunipa heshima mbele ya waliotoka kusini. Nikakaa hapo katikati, nikajiona niko juu.

Baba alikuwa na shamba la minazi na mikorosho upande wa Tungue. Akaja ofisa mmoja wa kusini, mtu wa kuvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, akitaka mahali pa kujenga nyumba ya wageni. Kwa sheria yetu ardhi ni ya serikali, haiuzwi. Kwa hiyo ofisa alinunua miti. Aliinunua yote, mmoja mmoja, kwa karatasi na sahihi, na wiki iliyofuata akaikata, ardhi ikabaki mikononi mwake. Watu wazima walisimama pale wakitazama mambo hayo yakifanyika kwa nyuso kavu, na mimi ndiye niliyesoma karatasi.

Baba akaamua fedha ile iwe gari jipya. Hakutaka yale yanayovushwa mto Ruvuma kutoka Tanzania yakiwa yamekwisha choka. Kulikuwa na kampuni ya kuwapikia watu wa kambi ya gesi kule Afungi, nayo ilikuwa inakodi pikapu za wenyeji kwa mwezi, kwa sharti moja: gari liwe jipya na liwe na kitabu cha garantia, yaani dhamana ya kiwanda, chenye mihuri ya matengenezo yote kwa wakati wake. Garantia ikikatika, gari linatolewa siku hiyo hiyo. Baba hakuwa tena na shamba. Gari hilo ndilo lingekuwa shamba, na kitabu kile ndicho kingekuwa mvua yake.

Tukaenda Pemba, baba na mimi, kwenye duka la magari lenye sakafu inayoteleza. Muuzaji alikuwa kijana wa tai fupi, anayenukia manukato ya watu watatu. Alimwita baba "papá" na mimi "professora", akatufungulia kitabu cha picha. Pikapu tuliyoitaka ilikuwa imepigwa picha juu ya mlima wenye theluji. Baba akauliza kama lile jeupe ni chumvi.

Bei iliandikwa kwa herufi kubwa, nami nikaisoma kwa sauti, nikiwa nimeinua kidevu. Muuzaji akaniacha nimalize. Kisha akatoa karatasi ya pili. Bei ile ilikuwa ya gari tu. Bado kulikuwa na ushuru wa forodha, na juu ya ushuru kuna IVA, ile kodi ya kila kinachouzwa, na IVA yenyewe inahesabiwa baada ya ushuru kwisha kuongezwa. Bado namba, bado hati ya umiliki, bado wakala wa kulitoa bandarini. Baba alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo tunatozwa kodi ya kodi?" akauliza.

"Ndivyo sheria ilivyo, baba."

"Serikali ilishika nati gani katika kulitengeneza?"

Nilimwambia asiulize mambo ya aibu mbele za watu. Jibu sikulijua, wala swali sikumtafsiria muuzaji. Lakini mimi niliona aibu ya swali. Ujinga wangu haukuniaibisha hata kidogo.

Alisema gari lingefika baada ya miezi mitatu. Baada ya miezi mitatu likawa liko njiani. Nilipiga simu kila Jumatatu, na kila Jumatatu lilikuwa liko njiani: mara meli, mara bandari, mara mtu wa muhuri amekwenda msibani. Mwezi wa sita likafika, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mkataba niliousaini kwa mbwembwe zote ulisema gari linakabidhiwa uani mwa duka, Pemba. Muuzaji alikuwa ametuambia kwa mdomo kwamba tutaletewa mlangoni. Nyumbani pilau ilikuwa imeshapikwa na wageni wamekaa. Binamu yangu, ambaye ndiye angekuwa dereva, akapanda lori kwenda kulifuata, na wageni wakala bila gari. Hakuna aliyeacha kula kwa ajili hiyo.

Lilipofika kweli, jeupe, viti vikiwa bado vimo ndani ya nailoni, baba alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani. Ikasomwa Yasini, chetezo cha ubani kikazungushwa kwenye magurudumu yote manne. Mwalimu akaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, akaziosha kwa maji na marashi, akapata kombe, kama linavyofanywa kwa mgonjwa, kwa mzazi au kwa msafiri. Nyumba nzima tukanywa, funda moja moja. Kikabaki kikombe kimoja. Baba akamwambia binamu afungue boneti, kisha afungue kifuniko cha rejeta.

"Nalo ni la humu ndani," akasema. "Linywe."

Akamimina polepole, asimwage hata tone. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimebeua mdomo. Ningeweza kusema kitu. Niliona ni kujishusha kubishana na watu wa namna ile, na wakati huo funda langu lilikuwa bado liko tumboni.

Jioni nikawasomea kitabu cha garantia, kwa lugha ya kufundishia darasa la kwanza. Miaka mitatu au kilomita laki moja, lolote litakalotangulia. Baba akataka kujua kama gari likilala nyumbani garantia inaliwa vilevile. Nikamwambia inaliwa. Kila kilomita elfu tano lazima lirudi Pemba kupigiwa muhuri, na ukihesabu kwenda na kurudi kwa barabara ile, gari lilikuwa linamaliza sehemu nzuri ya kilomita zake kwa kwenda kuthibitisha kwamba ni zima. Kisha kuna ukurasa unaosema lisitiwe kimiminika chochote ambacho kiwanda hakikukiidhinisha. Huo niliuruka. Niliona hauna maana tena.

Miezi minane gari lilifanya kazi Afungi. Lilibeba mchele, vitunguu na wapishi. Baba aliacha kwenda kutazama visiki vya minazi yake. Alianza kuwaambia watu "gari langu" kwa sauti ya chini, na mimi nilimcheka kwa hilo pia.

Halafu pampu ya maji ikaanza kuvuja. Tukaenda Pemba watatu, baba, binamu na mimi wa kutafsiri. Fundi wa gereji ya duka alikuwa mtu mzima, mpole, wa kutoka Beira. Aliinama, akapapasa, akainuka akifuta mikono. Akasema pampu za aina ile zimewasumbua, amekwisha badilisha nyingine za wateja, na yote yako ndani ya garantia. Akachukua fomu na kalamu. Akauliza swali lililokuwa kwenye fomu: je, kuna kitu kingine kilichotiwa kwenye rejeta?

Baba akauliza fundi anasemaje. Nikamweleza.

"Mwambie hatujatia kitu kibaya," akasema baba. "Tulitia kombe, kikombe kimoja tu, siku lilipokuja."

Kwa Kireno, "hapana" ni silabi moja. Fundi alikuwa ameshika kalamu akisubiri hiyo silabi. Lakini mimi nilimwona amevaa saa nzuri, nikasikia anavyotamka maneno yake, na nikataka ajue kwamba sikuwa mmoja wa wale. Nikamsimulia yote. Nikamwambia habari za sahani, za zafarani, za mzee kuinamia injini na kikombe, na nikaiga namna alivyomimina. Nilicheka, naye akacheka. Alicheka mpaka akaenda kumsimulia meneja, na meneja akaja bila kucheka, akaichukua fomu, akaandika mstari mmoja na kuupigia muhuri. Garantia ikaishia hapo. Mwisho wa mwezi, Afungi wakaandika barua ya kulitoa gari kazini, na hiyo pia niliisoma mimi.

Kutoka gereji tulirudi siku ile ile, na dumu la maji ya kuongezea rejeta miguuni kwangu. Tulikuwa tumeshapita Macomia baba alipozungumza.

"Yule fundi hanijui," akasema. "Na acheke. Wewe ulicheka nini?"

Nikamwambia nilikuwa namchangamsha fundi, ili atuonee huruma. Uongo huo ulinitoka kwa wepesi kabisa, kwa Kiswahili safi. Baba akaitikia kwa kichwa, akamwambia binamu asimame, injini ishatokota. Akashuka mwenyewe na dumu, akanizuia nisimsaidie.