Crankshaft yangu ilivyopikwa kwenye sufuria ya harusi, Garissa

Wakuu, heshima mbele. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Wa kubisha abishe, ila asome kwanza.

Miaka ya tisini nilikuwa daktari wa mifugo Garissa, kijana wa kutoka Machakos. Kazini nilipewa pikipiki ya trail, zile za kuruka mchanga. Mchanga wenyewe ukaingia kwenye engine, ikafa. Na ng'ombe wa Ijara walikuwa wanangoja chanjo.

Fundi Mutua akaifungua yote. Crankshaft, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa imekwisha. Mpya ikaletwa na basi kutoka Nairobi.

Sasa, crankshaft huingia kwenye bearing kwa kubana sana. Ukiipiga nyundo umeiharibu. Dawa ni kuigandisha isinyae kidogo, huku kava la engine unalipasha moto litanuke. Hapo inateleza yenyewe.

Lakini baridi Garissa unaitoa wapi?

Freezer ya karibu ilikuwa ya Mama Halima mwenye hoteli. Akanikubalia. Nikaifunga crankshaft kwa nailoni, nikailaza katikati ya nyama ya mbuzi.

Mpishi wake, mzee Abdi, hakuambiwa.

Wakuu, crankshaft ina mkono wake umechomoza. Ikishaganda ndani ya nailoni, ni paja la mbuzi kabisa.

Kesho yake Mutua anapasha kava, mimi nakimbia hotelini. Freezer tupu! Nyama yote imeenda kupikwa kwenye harusi ya jirani.

Nilimkuta mzee Abdi juu ya sufuria, jasho linamtiririka. Macho yake yalikuwa yameshachoka; alichana nailoni akamimina mabonge yote kwenye maji. Mchuzi ulikuwa unang'aa grisi, yeye akidhani mbuzi alinona.

Akanionyesha kwa mwiko. "Daktari, wewe najua mbuzi. Hii moja nabika tangu asubuhi, haiifi."

Nikaiona crankshaft yangu inachungulia kwenye povu. Watu wa bwana harusi walikuwa pale pale mkekani.

Mama Halima akaja, akatazama ndani ya sufuria. Akasema, "Chukua chuma yako. Halafu leta mbuzi, kabla bibi harusi hajatoka."

Bahati sufuria nyingine zilikuwepo, wageni wakala. Ile ikamwagwa. Crankshaft tukaikausha, tukaipaka oil, Mama Halima akairudisha kwenye freezer mwenyewe na funguo akazifunga kwenye shuka lake.

Alasiri Mutua aliishusha kwenye kava la moto. Ikaingia tlup, bila nyundo. Jioni engine ikanguruma.

Safari yake ya kwanza haikuwa Ijara. Ilikuwa soko la mifugo. Nikarudi na beberu amelala juu ya tanki, analia kuliko engine, nikaingia naye katikati ya harusi. Wanawake wakapiga vigelegele. Wageni wa kutoka Elwak walidhani ndiyo desturi ya Garissa, mmoja akaniuliza kama kwa bwana harusi mwenye wake wawili huja pikipiki mbili.

Funzo: ukiweka kitu kwenye freezer ya watu, mwambie anayepika, si mwenye freezer.

Haya, nyie mliofungua engine huko porini, mligandishia wapi? Semeni, hapa hakuna wa kuchekwa kunizidi mimi.