Soda Tatu za Mjomba

Kwetu Tanga soda ya mgeni huletwa juu ya sinia ikiwa bado imefungwa, ikafunguliwa mbele ya macho yake. Ukimletea kwenye glasi atakunywa, lakini atajiuliza. Nilikulia katika adabu hiyo, kwa hiyo siku ya kwanza nilipomwona mwenzangu wa chumba, Mfilipino, akimimina kopo zima la soda ya ndimu kwenye sufuria ya kuku, nilipiga kelele nikidhani amekosea kopo. Hakukosea. Kwao, alisema, soda hulainisha nyama na kuipa rangi, na mama yake alipika hivyo.

"Soda inanywewa," nikamwambia, "haipikwi."

Alinicheka, nami nikakataa hata kuonja. Mimi nikikataa kitu, nakikataa na ukoo wake.

Tulikuwa wanawake wanne katika chumba kimoja mtaa wa Najma, Doha, wote wafanyakazi wa hoteli. Tulikuwa na vitanda viwili vya dabodeka, jiko moja, na friji moja ambamo kila mtu alikuwa na rafu yake. Nilikuwa katika mwaka wa tatu pale mama aliponipigia simu kwamba mjomba, kaka yake, anatoka Umra na atapitia Doha siku moja. Furaha yangu haikudumu, maana mama aliongeza: "Nimemwambia akutazame vizuri. Akiniambia unateseka, unarudi nyumbani, hakuna mjadala."

Na mama yangu akisema hakuna mjadala, hakuna. Mimi sikutaka kurudi. Niliipenda kazi yangu, nilikwisha kuahidiwa kusimamia zamu, na nilipenda hata makelele ya chumba kile.

Nikanunua kilo mbili za nyama ya ng'ombe na makopo matatu ya soda, mawili ya mjomba na moja langu la kumsindikiza. Nikavipanga pamoja kwenye rafu yangu. Ijumaa asubuhi, nikitoka kwenda uwanja wa ndege, nikamwomba mwenzangu anibandikie nyama, maana ilikuwa ngumu kweli.

"Ipike tu mpaka ilainike," nikasema, nikakimbia.

Mjomba alitokea na kanzu nyeupe na kichwa kilichonyolewa, kinang'aa. Nilimwamkia shikamoo huku machozi yananitoka. Adhana ya Ijumaa ilitukuta karibu na nyumbani, yeye akaingia msikitini, mimi nikapanda juu kuandaa sinia.

Nikafungua friji. Rafu yangu ilikuwa tupu. Makopo matatu matupu yalikuwa yamepangwa kando ya sinki, na mwenzangu amesimama jikoni anatabasamu. Alikuwa ameona soda imekaa na nyama, akajua hatimaye nimekubali mapishi yao.

Nilimsema kwa Kiingereza mpaka kikaniishia, nikamalizia kwa Kiswahili. Kisha nikateremka mbio dukani. Maduka yote yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya swala. Nilisimama pale juani nikitazama makufuli hadi watu walipoanza kutoka msikitini, mjomba akiwa miongoni mwao.

Nikamtandikia mkeka, nikamwekea wali, nyama na jagi la maji. Maji matupu, kwa kaka yake mama! Alitazama vitanda, masanduku yaliyosukumwa uvunguni, nguo zilizoanikwa kwenye kamba juu ya vichwa vyetu.

"Wewe unalala wapi?"

Nikamwonyesha juu, upande wa dirisha. Alinawa, akaanza kula.

Nyama ilikuwa nyeusi, inameremeta, inanukia kitunguu saumu na siki, na ilikuwa laini hata meno hayakupata kazi. Aliongeza mara ya pili. Aliongeza mara ya tatu.

"Hii nyama mmeitia nini?"

Kabla sijapata uongo wa kumpa, mwenzangu, aliyeona kidole cha mjomba kinaelekea bakuli, akaleta kopo tupu na kuliinua kwa fahari.

"Soda?"

"Ndiyo, mjomba. Ilikuwa yako."

"Moja?"

"Zote tatu."

Alilitazama kopo, akalitazama bakuli, kisha akacheka mpaka akavua kofia na kujifutia machozi. Halafu akaomba wali zaidi. Alipoondoka nilimwomba mwenzangu radhi, na nilichobakiziwa sufuriani nilikilamba mpaka kwenye mwiko.

Wiki iliyofuata mama akapiga.

"Mjomba wako kasema soda tunayomfungulia mgeni huku, nyinyi huko mnapikia nyama. Kasema mtu wa hivyo hana shida, aachwe. Basi kaa, mwanangu."

Nikacheka kwa sauti, chumba kizima kikageuka kunitazama.

"Halafu kasema kitanda chako kiko juu na hakina ukingo," mama akaendelea. "Nitakutumia kanga, ufunge pembeni usije ukaanguka."

Kumbe mjomba alikuwa ameona kila kitu, ila alipofika kwa mama alianza na soda.