Bia ya Watawa na Mitungi ya Tukuswiga

Tukuswiga, au Mama Tumpe kama wanavyomwita kijijini Isongole, alipika pombe ya komoni ambayo watu walivuka mpaka kutoka Malawi kuifuata. Ufundi aliurithi kwa mama yake, Bibi Ketrina, pamoja na mitungi yenyewe. Na kwa ajili ya pombe hiyo kanisa likawatenga wote wawili, mama na binti. Wakawa watu wa benchi la nyuma, wasioruhusiwa hata kutoa neno.

Sasa Bibi Ketrina alikuwa hoi kitandani. Hakuwa na ombi lingine duniani ila agongewe kengele siku ya kuzikwa. Maana mtu aliyetengwa hagongewi kengele wala haimbiwi na kwaya, anafukiwa tu.

"Rudini kundini," alisema Ezron, mzee wa kanisa. "Desturi mnaijua."

Desturi ni kuvunja mitungi mbele ya wazee. Tukuswiga akaitoa uani, akaivunja mmoja mmoja kwa mpini wa jembe huku analia, na Ezron kasimama pale anauliza, "Na ule mdogo je?" Hata ule mdogo akauvunja. Ndipo Ezron akasema watarudishwa yeye akishatoka safari, kwani wageni wa kanisa walikuwa wamemwalika kwao Cheki, huko Ulaya.

Akarudi amenenepa, jamani! Jumapili hiyo mahubiri yote yakawa safari. Alitembezwa kwenye nyumba za kale za watawa, zenye kuta nene na makaburi ya wakuu wao chini ya sakafu. Na watawa hao, alisema akilamba midomo, wanapika bia yao wenyewe tangu enzi na enzi. "Nyeusi, ina povu zito! Nilionja kila nyumba, nisije nikawavunjia heshima wenyeji." Kanisa zima likacheka kwa raha. Mkuki kwa nguruwe, bwana.

Simu yenye picha ikapita mkono kwa mkono hadi benchi la nyuma. Tukuswiga akaona nafaka iliyochipua imetandazwa sakafuni, mtawa anaigeuza kwa koleo. Furaha ikamtoka kabla hajaizuia: "Kumbe ni kimea! Mzee, wanafanya kama sisi!"

Ezron akavua miwani.

"Unafananisha watumishi wa Mungu na walevi wako? Basi moyo wako haujatubu. Kaa huko huko nyuma, wewe na mama yako."

Bibi Ketrina alifariki kabla ya Jumapili nyingine, akiuliza kama wamerudishwa. Tukuswiga alimdanganya kuwa ndiyo.

Walimzika wajukuu na majirani wachache. Kengele ilionekana wazi kutoka makaburini, na hakuna aliyeigusa. Ezron naye alifika, kama jirani tu, alisema. Udongo ulipoanza kushuka akamsogelea Tukuswiga, akainama sikioni mwake.

"Pole sana, Mama Tumpe. Hivi... tangu nitoke kule kinywa hakitulii. Huwezi kunipikia kidogo? Nitapitia uani, mtu asinione."

Tukuswiga alimchukia, lakini hakuinua uso.

"Subiri basi, mzee," alisema. "Kwanza nimfukie mama."